Maji Yenye Harufu ya Moshi

Watu wa barabara nilikuwa nimeshawachoka. Karibu kila mwaka walikuja na magari yao meupe, wakasimama mbele ya lile tope lililo chini ya zahanati yangu, wakapiga picha, wakasema "pole sana nesi," kisha wakageuza kurudi mjini Katesh kabla mvua haijawakuta njiani. Kwa hiyo Judica aliposhuka kwenye pikapu siku ile, na koti lake la rangi ya chungwa na mabuti yaliyochakaa, sikuona sababu ya kuacha kupima watoto uzito. Nilimwitikia salamu kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, basi.

"Naitwa Judica," akasema. "Nimekuja kuchunguza udongo na maji ya chini, kabla barabara haijajengwa upya."

"Karibu," nikamwambia. "Udongo upo wa kutosha. Ulishameza gari la wagonjwa."

Hakucheka na hakununa. Aliuliza gari lilikwama wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole nikiwa nimesimama mlangoni, maana pale mahali panaonekana kutoka mlangoni, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo.

Mimi ni Scola, mzaliwa wa Mahenge. Serikali ilinileta huku Gendabi nikiwa msichana, na baridi ya mlima Hanang imenizoea kabla mimi sijaizoea. Masika iliyotangulia, Oliva, mkwe wa Bibi Verediana ambaye shamba lake linapakana na barabara, alishikwa na uchungu huku mtoto amelala vibaya tumboni. Nilipiga simu, gari likatoka Katesh, likaja vizuri hadi bondeni, likazama. Tulikuwa tunaliona. Tukamfunga Oliva kwenye blanketi, wanaume wakambeba wakizama hadi magotini, na gari lenyewe likaja kuvutwa na ng'ombe wa Gidamis, jirani yetu mfugaji. Oliva alipona. Mtoto hakupona. Tangu hapo kila nikisikia neno barabara damu inanichemka.

Judica alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanieleza jambo ambalo hakuna mwenye gari jeupe aliyewahi kunieleza. Barabara ilikuwa na njia mbili za kupita. Ya kwanza ni ile ile ya zamani, inayopita bondeni mbele ya zahanati. Ya pili ni kule juu kwenye ukingo wa mawe, pakavu na pagumu, lakini mbali na sisi. Kama maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso wa bonde, tuta lolote litakalojengwa pale litazama, na wahandisi watachagua njia ya juu.

"Na sisi?" nikauliza.

"Nyinyi mtabaki na hili tope."

"Sasa si uandike tu kwamba pakavu, mdogo wangu?"

"Nikikuta pakavu nitaandika pakavu, dada Scola."

Jina lake lilishanieleza ni Mpare, nikamwambia nyinyi Wapare mna ubahili hata wa maneno. Hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza.

Mkutano wa kijiji uliitishwa asubuhi na mwenyekiti wetu, Mzee Herman. Judica akasimama akaeleza atakachofanya: atachimba mashimo, atachukua udongo, ataweka mabomba membamba ya kupimia maji. Gidamis akauliza kama barabara mpya itakata njia ya ng'ombe wake kwenda kunywa maji, akauliza kwa ukali kidogo, kama kawaida yake. Judica akamwambia swali lake litafika kwa wahandisi. Wanaume wengine wakauliza kuhusu vibarua. Mkutano ukafungwa.

Kazi ikaanza, na mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kutoshughulika na watu wa barabara, nikawa nachungulia dirishani kila nikipata nafasi. Yule binti alikuwa hajui kukaa pembeni. Vijana wakishachimba, yeye anashuka mwenyewe ndani ya shimo, kichwa kinapotea, unabaki kusikia sauti yake ikisema rangi imebadilika hapa, nipeni mwiko. Anapanda juu na bonge la udongo mweusi, ule wetu unaopasuka kiangazi hadi kwato ya mbuzi inaingia, na mvua ikinyesha unaumuka kama unga wa maandazi. Analitia maji kidogo, analiviringisha juu ya kipande cha kioo kwa kiganja mpaka linakuwa jembamba kama tambi, anaangalia linakatika lini. Akimaliza anaanza tena na bonge la shimo jingine. Nilimuuliza kama haoni uvivu.

"Huu mweusi unadanganya," alisema. "Ukiukuta umekauka utadhani jiwe. Lazima umuulize akiwa ameloa."

Aliuongelea udongo kama mimi ninavyoongelea wagonjwa wangu wakaidi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

Mabomba yalikuwa meupe, ya plastiki, yenye matundu madogo pembeni. Yalisimamishwa kwenye mashimo marefu kando ya barabara ya zamani, mdomo mmoja umechomoza juu na kufunikwa kwa kizibo. Judica alikuwa akifungua kizibo, anashusha utepe wenye kijichuma mwishoni, na kijichuma kikigusa maji kinalia, naye anajua maji yako umbali gani. Bomba la tatu ndilo lililotuhusu zaidi, kwa kuwa lilisimama pale pale gari lilipozama, kwenye mpaka wa shamba la Bibi Verediana. Siku lilipowekwa lilikuwa kavu hadi chini. Nilifurahi mpaka nikampikia Judica chai ya tangawizi.

Akarudi Katesh, na baada ya wiki akaja kupima. Mvua ilikuwa imedondoka kidogo tu, ya kulaza vumbi. Akashusha utepe kwenye bomba la tatu, ukalia karibu sana na juu. Akarudia. Ukalia pale pale. Alipokuja zahanati nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Maji yamepanda, dada Scola."

"Yamepandaje na mvua yenyewe hata kuku hawajakimbia?"

"Sijui bado."

"Ukiandika hivyo umetuzika."

"Najua."

Nilimwambia mengi siku ile, na hata leo ningemwambia yale yale. Nilimwambia kwamba yeye atalala Katesh kwenye kitanda chake, na mimi ndiye nitakayekuwa mlangoni masika ikifika, nikiangalia gari likizama. Nilimwambia namba haizai wala haifi. Machozi yakamlengalenga, lakini hakusema atabadilisha kitu. Jioni nikiwa nafunga madirisha nikamwona amerudi pale bombani peke yake, amechuchumaa. Basi nikajua kwamba sikuwa peke yangu niliyekosa raha.

Kesho yake alifanya kitu ambacho mimi, kwa hasira zangu, nisingekifikiria. Mimi nililichukia lile jibu. Yeye alilitilia shaka. Aliniambia kwamba shimo walilochimba hatua chache kutoka bomba la tatu bado lilikuwa kavu hadi chini, na haiwezekani maji yapande kwenye tundu moja na kulikwepa la jirani. Udongo ule wa mfinyanzi haupitishi maji haraka. Ukimimina kitu ndani yake kitakaa siku nyingi kikinywewa taratibu. Akafunga kichupa kwenye kamba, akakishusha bombani, akayavuta maji juu, akayanusa. Akaninyooshea mimi kichupa.

Yalinukia moshi. Si moshi wa jikoni, bali ule mtamu wa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa mkaa wa mti.

Mzee Herman alikuwa amesimama nasi, naye akanusa. Hakuchelewa. "Vibuyu vya namna hiyo anatengeneza mke wa Gidamis," akasema. "Si mlimsikia mkutanoni? Hataki barabara ipite kwenye njia ya ng'ombe wake. Amemwaga maji ili ihamishiwe juu. Nitamwita ofisini leo hii."

Nikaona jinsi jambo linavyokwenda. Wakulima na wafugaji wa hapa wanaazimana jembe na dume la mbegu mwaka mzima, lakini kikitokea kitu kidogo tu, kidole kinajua pa kuelekea. Na mimi mwenyewe, niliyevutiwa gari na ng'ombe wa Gidamis, nilikuwa nimeshaanza kuitikia kwa kichwa.

"Mwenyekiti, samahani," Judica akasema. "Mimi nimenusa moshi. Sijanusa jina la mtu."

Mzee Herman akashangaa, kwa sababu si wengi wanaomjibu.

"Vibuyu vya mke wa Gidamis viko nyumba ngapi hapa kijijini?" Judica akaniuliza mimi.

Nikafikiri. Viko kila nyumba. Hata mimi ninacho.

Akakaa juu ya ukingo wa shimo, akavua kofia, akajikuna kichwa. Halafu akauliza swali la ajabu: siku ile ya mkutano, wanawake walikuwa wapi? Nikamwambia walikuwa kule wanakokuwa kila asubuhi, korongoni, wakifukua mchanga kutafuta maji. Mkutano wa asubuhi huku kwetu ni wa wanaume na wa nesi.

"Basi mkutano haukufanyika," akasema.

Asubuhi iliyofuata tukashuka naye korongoni. Nilimwomba Mzee Herman abaki, akabaki kwa shingo upande. Kulikuwa na baridi na mlima ulikuwa umejifunika. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya ndoo na madumu kwenye kile kishimo cha mchanga, kila mmoja akisubiri maji yajikusanye ayachote kwa bakuli, ambayo ni kazi ya subira, na wengine walikuwa wametoka nyumbani giza bado halijaondoka. Judica akawaamkia wazee mmoja mmoja, shikamoo bibi, shikamoo mama, hakuruka hata mmoja. Kisha akachukua bakuli akamsaidia wa mbele kuchota, na akiwa ameinama vile vile akaanza kueleza.

Aliwaambia yale mabomba meupe si ya kisima. Ni ya kuiuliza ardhi kama ina nguvu ya kubeba barabara. "Mimi natafuta ukavu," alisema. "Nikikuta pakavu, barabara itapita pale pale mbele ya zahanati. Nikikuta maji, itahamia juu kwenye mawe, na gari la wagonjwa halitafika kwa nesi Scola."

Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

Alikuwa Bibi Verediana. Kando yake alikuwa Oliva, amebeba dumu mgongoni kwa kamba. Bibi alijishika mdomo, akaketi juu ya mchanga taratibu.

"Ni mimi," akasema. "Maji ni mimi nimeweka."

Bibi Verediana si mtu wa maneno mengi ya Kiswahili, lakini siku ile alijikaza.

"Wale wa visima walikuja zamani. Walitoboa kule kwa jirani, kwa Nicodemo. Wakakuta pakavu, wakafunga mashine yao, wakaenda, hawajarudi. Mimi nikaona bomba nyeupe kwa shamba yangu. Nikasema hawa ni wale. Nikasema safari hii wasikute pakavu. Nikachukua kibuyu, kina mdomo mwembamba, kinaingia vizuri. Kila nikitoka hapa naweka. Mwanangu, mimi nilikuwa nakunywa kidogo, naweka mingi."

Akamwangalia Oliva. "Kumbe nilikuwa nafukuza barabara yako."

Oliva akashusha dumu. Nilimtazama usoni, nikaogopa, kwa sababu najua kilichoko pale. Lakini alipiga magoti tu kando ya mama mkwe wake na kumpangusa mchanga kwenye kanga. Mimi nilikuwa nalia bila aibu. Maji yale niliyoyalaani yalitoka kwenye kishimo hiki, bakuli kwa bakuli, yakapandishwa kilima kwenye mgongo wa mwanamke mzee, yakamiminwa ardhini ili wengine wapate kisima.

Judica naye akapiga magoti. Alimshika Bibi mikono yote miwili.

"Bibi, kosa si lako. Ni langu mimi. Nilikubali mkutano wa saa ambayo wenye ndoo hawapo. Na barabara haijafukuzwa. Nitayatoa yale maji, halafu tutasubiri mvua ya kweli, tuone ardhi yenyewe inasema nini."

"Na ikisema kuna maji?"

Hapo angeweza kudanganya. Hata mimi ningedanganya. Tunawadanganya wagonjwa kila siku kwa nia njema. Wanawake wote walikuwa wanamtazama.

"Ikisema kuna maji, bibi, nitaandika kuna maji. Lakini nitakuja mwenyewe kukwambia, hutasikia kwa mtu."

Bibi Verediana akaitikia kwa kichwa. Nafikiri alimwamini zaidi kwa jibu lile kuliko kama angeahidiwa lami hadi mlangoni.

Siku ile ile Judica aliyavuta maji yote bombani kwa kile kichupa chake, mchana kutwa. Kesho yake pikapu ilipotoka Katesh ilikuja na madumu yaliyojaa, ikapita zahanati bila kusimama, ikaenda moja kwa moja kwa Bibi Verediana. "Nimekuja kurudisha maji yako, bibi," akasema. Bibi alikataa, akakubali, akakataa tena. Mwishowe akayapokea, na kwa kuwa hapa kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, Judica aliondoka na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kile kile. Gidamis alipopata habari alicheka hadi akakohoa, kisha akauliza kwa nini mwenyekiti hampungii mkono siku hizi. Mzee Herman alimpelekea kuku.

Vuli ikaja, na mwaka ule haikuwa ya mchezo. Kila Judica alipofika kupima, Bibi Verediana alikuwa ameshatangulia bombani. Alikuwa amelizungushia miiba pande zote, na alimfokea kila aliyesogea na ndoo, hata mimi nikipita na chupa yangu ya chai. Utepe ulishuka, ukashuka, ukashuka. Maji yalikuwepo, lakini mbali chini, na hata baada ya mvua kubwa yalipanda kidogo tu. Ubaya wa pale, Judica akatueleza, ulikuwa ule udongo mweusi wa juu na maji yanayotiririka kutoka mteremkoni bila kuwa na pa kwenda. Hilo linatibika: kuchimba mweusi wote, kujaza mawe, na kuweka mtaro upande wa mlima.

"Kwa hiyo umeandika pakavu," nikamwambia.

"Nimeandika nilichokikuta."

"Na kama lile bomba lingejaa?"

"Ningeandika limejaa, dada Scola. Na ningelia njia nzima hadi Katesh."

Nimefanya kazi na madaktari wengi. Wapo wenye mikono mizuri na wapo wenye roho nzuri. Wanaoweza kukueleza ukweli unaokuumiza na bado ukataka wakae, hao nimewaona wachache sana, na mmoja wao ni huyu Mpare wa mabuti yaliyochakaa. Kisima bado hatujapata. Alilifikisha suala la Bibi kwa wanaohusika na maji, na kila akipiga simu ananiuliza kama wamekuja, nami namwambia hawajaja, naye anasema atawakumbusha. Najua anawakumbusha.

Kiangazi kilichofuata mitambo ikaja, ikachimbua tope lote la bondeni, yakaja malori ya mawe. Bomba la tatu waliliacha limesimama kando ya tuta, kwa sababu Judica aliomba liendelee kupimwa, na kwa sababu hakuna dereva wa mtambo aliyethubutu kumkaribia Bibi Verediana.

Masika nyingine ikaingia, na Oliva akashikwa tena na uchungu. Kabinti kalikozaliwa Katesh siku ile sasa kanatambaa, kananyang'anya kuku mahindi, kwa hiyo msiwe na wasiwasi. Ninachotaka kusimulia ni njiani. Mvua ilikuwa inapiga bati la zahanati hata simu haisikiki. Gari likafika. Tukampakia Oliva, mimi kando yake, na Bibi Verediana akakaa miguuni pake, amefumba macho, midomo inatembea kwa sala.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilishika kitanda kwa mkono mmoja na bega la Oliva kwa mkono mwingine, nikakaza miguu nikisubiri gari linese. Nikamgongea dereva kioo.

"Nenda taratibu hapo bondeni!"

"Bondeni wapi, nesi?" akajibu. "Tumeshapita."

Bibi Verediana akafumbua macho. Akageuka, akafuta ukungu kwenye kioo cha nyuma kwa kanga yake, akaitazama barabara ikirudi nyuma kwenye mvua, na lile bomba jeupe ndani ya miiba yake.

"Pakavu," akasema.